Kuwashirikisha wagonjwa na watumishi kupanga upimaji wa afya ngazi ya jamii, Kigoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa waganga wafawidhi, waratibu wa halmashauri, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na vikundi vinavyoandaa huduma mkoba (huduma zinazowafuata watu walipo) za vipimo: VVU, malaria, kifua kikuu, kichocho, presha na sukari. Mifano ni ya mwambao wa Ziwa Tanganyika na vijiji vya juu, lakini mengi yatafaa hata asiye na ziwa.

## Mambo ya msingi

1. Kumshirikisha mgonjwa kupanga upimaji maana yake nini hasa?

Aliyewahi kukaa kwenye foleni ya kipimo, na aliyewahi kuikwepa, wanakaa na wanaopima kabla tarehe na utaratibu havijaamuliwa. Kumpigia simu mwenyekiti wa kitongoji siku mbili kabla ili awatangazie watu ni kutangaza tu. Sanduku la maoni nalo halitoshi. Linamhudumia anayejua kuandika, na mara nyingi hakuna anayekumbuka ufunguo uko kwa nani.

Mambo ya kuzungumza ni manne: mahali, saa, njia anayopita mteja tangu afike hadi aondoke, na namna majibu yanavyomfikia. Ukishirikisha watu katika hayo manne tu, umeshabadilisha karibu kila kinachowafanya wasije.

2. Kwa hiyo wananchi ndio wataamua kila kitu?

Hapana, na ni lazima waambiwe hivyo mwanzoni kabisa. Mfuatano wa vipimo vya VVU unafuata mwongozo wa taifa. Ridhaa, usiri, udhibiti wa ubora wa vipimo na utupaji wa ncha kali havipigiwi kura. Gawanya karatasi kubwa pande mbili, "yanayobadilika" na "yasiyobadilika", na uibandike ukutani kikao chote. Vikao vingi huharibika kwa sababu watu waliombwa mawazo kuhusu jambo lililokwisha kuamuliwa mjini. Wakigundua, mara ya pili hawaji.

3. Mwongozo wa Wizara upo. Kwa nini tujisumbue?

Mwongozo unakueleza kupima. Haukuelezi kwamba meza yako iko mbele ya kibanda cha chai ambapo kila anayeingia hemani anahesabiwa, wala kwamba asubuhi uliyoipanga ndiyo asubuhi ya kuanika dagaa. Hayo wanayajua wanaoishi pale.

4. Kamati ya Usimamizi wa kituo si inawawakilisha wananchi tayari?

Inawawakilisha, na usiiruke. Kamati inapitia mpango na bajeti ya kituo, na tangu fedha zianze kupelekwa moja kwa moja vituoni mwaka wa fedha 2017/18, kauli yake ina uzito zaidi. Ila wajumbe ni watu waliokwisha kuheshimika kijijini: mwalimu mstaafu, kiongozi wa dini, mfanyabiashara. Kijana wa mtumbwi asiyelala kijiji kimoja miezi miwili mfululizo hayumo. Kamati ipewe kazi ya kupitisha na kusimamia kilichokubaliwa. Isitumiwe badala ya kuwasikiliza wanaotumia huduma.

## Nani aitwe, na kwa njia gani

5. Tuite watu gani, na wangapi?

Vikundi vidogo vya watu 6 hadi 8. Zaidi ya hapo wanaosema ni wawili na wengine wanaitikia. Mwaloni, yaani ufukweni wavuvi wanaposhushia samaki (Kibirizi, Katonga, Ujiji au mialo ya kusini kama Sigunga na Buhingu), anza na wanawake waanikaji na wachuuzi wa dagaa, vijana wavuvi, wazee wenye presha au sukari, na mama wenye watoto chini ya miaka mitano. Vijiji vya juu, upande wa Kasulu na Buhigwe, weka wakulima na vijana wa bodaboda mahali pa wavuvi. Wenye ulemavu wawemo ndani ya vikundi hivyo, na pia waulizwe peke yao kuhusu jambo moja ambalo wengine hawalioni: kufika. Mchanga wa ufukweni haupitiki kwa kiti cha magurudumu.

6. Wasiokuja kupima tutawapataje, wakati hata kikaoni hawaji?

Hawa ndio unaowahitaji kuliko wote. Aliyekuja mara ya kwanza atakuja tena hata ukikosea kidogo. Wafuate walipo, na usiwaite kikao. Wavuvi wanapotengeneza nyavu mchana, mhudumu wa afya anayejulikana pale akae nao nusu saa akiwa na maswali matatu tu: mara ya mwisho kulipokuwa na upimaji hapa ulikuwa wapi? Ungekuja ingekuwaje? Nini kingekufanya uondoke kwenye foleni? Usimuulize mtu kama amewahi kupima au majibu yake yalikuwaje.

Uongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa mwalo) husaidia kukutambulisha, lakini ukishatambulishwa, mwombe mwenyekiti kwa heshima akuache na vijana. Akiwepo, majibu yote yatakuwa "huduma ni nzuri".

7. Kwa upande wa watumishi, muuguzi na mtu wa maabara wanatosha?

Hawatoshi. Ongeza anayeandikisha, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mlinzi, anayefanya usafi na dereva au nahodha. Mlinzi ndiye anayeulizwa "hapa wanapima nini?" na jibu lake husikika na foleni nzima. Anayefanya usafi anajua kama boksi la sindano lilijaa kupita robo tatu na likaendelea kutumika. Nahodha ndiye wa kukuambia kwamba kati ya Mei na Septemba upepo wa kusi unaweza kukuzuia kurudi siku hiyo hiyo, na kama vitendanishi (dawa za kupimia) vitalala kijijini, lazima ijulikane vitalala wapi.

8. Tunawahusishaje wanaoishi na VVU bila kuwaanika?

Kupitia vikundi vyao vya kliniki ya tiba na matunzo, na mwaliko utolewe na mtu wanayemwamini kikundini. Kikao chao kifanyike siku ya kliniki, ndani ya kituo, kisionekane kuwa kikao maalumu. Katika vikundi mchanganyiko hakuna anayetambulishwa kwa hali yake. Usiri si hisani yako: Sheria ya VVU na UKIMWI ya 2008 inautaka, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahusu pia orodha ya mahudhurio uliyoiacha mezani.

9. Tulipe posho?

Lipa nauli halisi ya kwenda na kurudi, toa maji na kitu cha kula, na kiwango kiwe kimoja kwa wananchi wote. Asiwepo mwananchi anayerudi nyumbani amepoteza siku na nauli yake. Ubaya huanza mtumishi akisaini posho ya kikao meza hii, na mama aliyeacha dagaa juani akipewa soda meza ile. Hawatasema kitu, ila wameona. Kama fungu ni dogo, punguza idadi ya vikao na uache kiwango kilivyo.

## Kuendesha vikao

10. Kikao kinakwendaje, hatua kwa hatua?

Dakika 90 zinatosha. Robo saa ya kwanza ni utambulisho na karatasi ya pande mbili (swali la 2). Kisha washiriki wachore safari ya mteja: kusikia tangazo, kutoka nyumbani, kufika, kuandikishwa, kuzungumza na mshauri, kutoa damu au sampuli nyingine, kusubiri, kupokea majibu, kuondoka na dawa au rufaa. Kila hatua ni kadi moja. Pasipo karatasi, chora mchangani na uweke mawe.

Kila mtu anapewa punje kumi za maharage na kuziweka kwenye hatua zinazomuudhi au kumtisha, nyingi pale panapouma zaidi. Hapo ndipo mazungumzo yenyewe yanapoanza, na yape dakika 40. Usiulize "kwa nini mnaogopa?". Uliza "hapa palipojaa punje, nini hutokea?" Mtu huona rahisi kueleza tukio kuliko kukiri hofu.

Dakika zinazobaki, chagueni hatua mbili tu za kurekebisha na mtu wa kufuatilia kila moja. Kikao kinachotoka na mapendekezo kumi na tano huwa hakijatoka na lolote.

11. Kwa nini tusiwaweke wagonjwa na watumishi pamoja tangu mwanzo, tuokoe muda?

Kwa sababu mama hatamwambia nesi usoni kwamba anafoka, na kesho anampeleka mtoto kwake. Mtumishi naye hatasema mbele ya wagonjwa kwamba vitendanishi viliisha saa tano, ikabidi aseme "mashine mbovu". Kila upande uzungumze kwanza peke yake, ndipo wakutane kwenye kikao cha pamoja wakiwa na kadi zilezile. Mbinu zinazojulikana zimejengwa juu ya mpangilio huu. Kadi ya alama ya jamii, iliyoanzishwa na shirika la CARE nchini Malawi mwaka 2002, huwaacha wananchi na watumishi watoe alama kila upande peke yake kabla ya kikao cha ana kwa ana. Waingereza Paul Bate na Glenn Robert nao walipanga hivyo hivyo katika njia yao ya kusanifu huduma kutokana na yaliyowapata wagonjwa na watumishi.

Katika kikao cha pamoja, wagonjwa waanze. Watumishi wakianza, kinachofuata ni maelezo ya kujitetea na muda unakwisha.

12. Lugha iwe ipi?

Waachie watu waongee Kiha, lugha ya wenyeji, wanapotaka, na mwandishi wa kikao awe mtu anayekisikia. Mwambao wa mjini Kiswahili kinatosha. Neno "vitendanishi" halina kazi kikaoni, sema "dawa za kupimia".

## Kupanga siku yenyewe

13. Mwaloni tupime saa ngapi?

Angalia mwezi kwanza, saa baadaye. Uvuvi wa dagaa na migebuka kwa taa unategemea giza. Siku za mbalamwezi wavuvi hupumzika, na hizo ndizo siku za kuwapata. Siku za giza hurudi alfajiri, huuza, kisha hulala. Meza ya saa tatu asubuhi itawakosa, na itawakosa pia wanawake walio na dagaa wa kuanika na kugeuza hadi jua liwe kali. Kuanzia saa tisa mchana mnaweza kuwapata wote. Mkiendelea hadi gizani, mpate taa nyeupe yenye nguvu, maana mstari hafifu wa kipimo hausomeki kwa kurunzi ya simu.

Kalenda ya mwaka jana isikudanganye. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Aliyenakili ratiba ya zamani bila kuuliza mwaloni alikuwa anapanga kuwapima watu waliokwisha kuhamia kwingine kutafuta riziki.

14. Hema liwekwe wapi?

Pasipo na sababu moja tu ya kwenda pale. Hema linalopima VVU peke yake linamtangaza kila anayeingia. Changanya presha, sukari, malaria na VVU chini ya mlango mmoja, na mteja achague ndani. Mlango wa kutokea uwe tofauti na wa kuingilia. Hili huombwa na wateja karibu kila mahali, na gharama yake ni kamba na khanga mbili.

Vipimo vyenyewe navyo vina madai yao. Kasha la kipimo cha haraka lina kiwango cha joto, mara nyingi mwisho nyuzi 30 kwa vya VVU na hadi 40 kwa baadhi ya vya malaria. Hema la plastiki juani linazipita zote mbili kabla ya adhuhuri. Kivuli cha mwembe ni bora.

15. Tutangaze kwa watu wangapi?

Piga hesabu kabla ya kutangaza. Muuguzi anayetumia dakika 20 kwa mteja anahudumia 3 kwa saa, yaani 18 kwa saa 6. Wawili ni 36. Mteja mwenye majibu ya VVU yanayohitaji kuthibitishwa na kuunganishwa na tiba anaweza kuchukua saa nzima peke yake, kwa hiyo panga 30. Ukiita kijiji kizima wakaja 200, umewafundisha 170 kwamba upimaji ni kupoteza siku.

Tiba yake ni namba zenye saa. Watu 30 kwa saa 6 ni 5 kwa saa, basi toa namba 5 za saa tisa, 5 za saa kumi, na kuendelea. Wateja hupendekeza hili wenyewe wakiulizwa. Watumishi husita wakidhani watu hawatarudi. Jaribuni siku moja muone.

16. Watu wanalalamika: "nimemeza dawa za malaria nikapona, kipimo bado kinasema ninayo." Tuwajibuje?

Hili huibuka kila kikao, na si ajabu: utafiti wa kitaifa wa malaria wa 2017 uliiweka Kigoma juu ya mikoa yote kwa maambukizi ya watoto, karibu asilimia 24. Vipimo vingi vya haraka vinatafuta protini ya kimelea, ambayo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Katika muda huo, mwenye dalili mpya apimwe kwa hadubini.

Malalamiko mengine yana chanzo mezani. Kipimo kikisomwa kabla ya dakika zilizoandikwa kwenye kasha (15 hadi 20 kwa aina nyingi) mstari haujatoka. Kikisomwa baada ya saa nzima, mstari hafifu unaweza kutokea usio na maana. Kimiminika cha kasha moja hakitumiwi na kipimo cha kampuni nyingine, na pakiti haifunguliwi kabla mteja hajaketi, kwa sababu unyevu wa ziwani unaiharibu. Wateja wakielezwa haya, wao ndio watakaouliza, "nesi, dakika zimetimia?"

17. Kuna vipimo ambavyo aibu ndiyo kikwazo kikubwa?

Choo na makohozi. Kwa kichocho cha tumbo, mtu kupita mwaloni na kikopo mkononi hakubali, na mtumishi naye anajua sampuli ikichelewa juani haifai. Suluhisho linalokubalika pande zote ni kikopo chenye mfuniko ndani ya mfuko wa karatasi usiopenya macho, kigawiwe jioni, na mhudumu mmoja akusanye nyumba kwa nyumba asubuhi kwa saa iliyotajwa. Namba tu iandikwe juu. Jina likae daftarini.

Makohozi yatolewe nje, penye upepo, mbali na foleni, na si ndani ya hema. Mwonyeshe mteja kwa vitendo: kusukutua kwa maji, kuvuta pumzi ndefu mara mbili, kukohoa kutoka kifuani. Mate matupu ndiyo sababu ya kawaida ya kurudia.

18. Presha na sukari hazina shida, sivyo?

Zina shida ndogo ndogo zinazoharibu namba. Aliyepanda kutoka ufukweni na beseni kichwani aketi dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini, bila kuongea, ndipo apimwe. Kisha apimwe tena baada ya dakika moja au mbili. Kwa hiyo viti vyenye egemeo viwemo kwenye bajeti. Kwa sukari, vidole vioshwe kwa maji na kukaushwa, maana aliyetoka kula embe anaweza kuonekana mgonjwa wa kisukari. Na usimwambie mtu akae bila kula kwa muda wa saa 8 kisha umpime saa tisa mchana. Chagueni kipimo kisichohitaji kufunga, na mtakaowatilia shaka waje kituoni asubuhi.

19. Majibu yarudi vipi?

Waulize, kwa sababu kila kundi lina jibu lake. Wavuvi watataka simu, lakini simu ya mtumbwini ni ya watu watatu. Kinachoweza kufanya kazi ni ujumbe usiotaja ugonjwa: "Fika kituoni kabla ya Ijumaa". Majibu ya VVU hutolewa ana kwa ana. Anayetumia JIPIME, kipimo cha mate cha kujipima, aambiwe asome kati ya dakika 20 na 40, na kwamba mistari miwili si jibu la mwisho bali ni sababu ya kwenda kupima kituoni.

## Mambo yenye utata

20. Wameomba jambo lisilowezekana. Tufanyeje?

Wajibuni, tena kwa tarehe. "Mashine ya kupima vinasaba vya kifua kikuu haiwezi kuja hapa, inahitaji umeme usiokatika. Lakini makohozi yatachukuliwa kila Jumanne." Kukaa kimya kunawaumiza kuliko kuwaambia hapana.

21. Watumishi wanaona wanaongezewa kazi.

Mara nyingi wako sahihi. Zahanati yenye watumishi wawili ikitoa mmoja kwenda mkoba, kituo kinabaki na mmoja. Ndiyo maana kikao chao cha peke yao kipo. Kila badiliko linaloongezwa, waulizwe kipi kiondolewe. Rejesta mbili zenye taarifa zilezile ni mahali pazuri pa kuanzia.

22. Vijana wadogo washirikishwe?

Ndiyo. Tangu sheria irekebishwe mwaka 2019, mwenye umri wa miaka 15 anaweza kuridhia mwenyewe kipimo cha VVU. Chini ya hapo anahitaji mzazi au mlezi. Kikao cha vijana kiendeshwe na kijana, bila walimu wala wazazi. Kwa kuhudhuria kikao cha kupanga (si kupima), omba idhini ya wazazi kwa wote walio chini ya miaka 18.

23. Tukifanya katika kambi ya wakimbizi, kama Nyarugusu?

Kibali cha kuingia kinatoka Wizara ya Mambo ya Ndani kupitia Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, hivyo anzeni mapema. Kiha na Kirundi vinasikilizana vizuri, lakini mkalimani asiwe jirani wa washiriki. Warundi na Wakongo wawe na vikao vyao tofauti.

24. Tutajuaje ushirikishwaji umesaidia?

Msihesabu vikao. Linganisheni mambo matatu kabla na baada: ni wangapi wamepima kwa mara ya kwanza, dakika za kusubiri kutoka kuandikishwa hadi majibu (mtu mmoja mwenye saa, wateja 10, siku mbili), na wangapi kati ya waliopewa rufaa walifika. Rufaa ndiyo ngumu kufuatilia. Kipande cha karatasi chenye namba ileile pande mbili, kimoja kwa mteja na kingine kituoni, kinatosha.

25. Vikao virudiwe lini?

Wiki mbili hadi tatu baada ya upimaji, rudini kwa watu walewale mkiwa na karatasi moja: mlisema nini, tumefanya nini, nini hatukufanya na kwa nini. Isomwe kwa sauti, na nakala ibandikwe zahanati na ofisi ya kijiji. Kisha kila baada ya miezi sita, na nusu ya washiriki wawe wapya. Duru ya pili ya vikao iangukie kabla halmashauri haijafunga mpango wake wa afya wa mwaka, ili jambo lenye gharama, mathalani mafuta ya boti ya kwenda mialo ya kusini, liingie kwenye bajeti.